Picha Ije Baada ya Sauti

Mtoto wa darasa la kwanza akisimama mbele ya wenzake na kusoma ukurasa mzima bila kukwama, darasa hupiga makofi, na mzazi aliyepita kuuliza maendeleo huondoka na furaha yake. Mimi humwita mtoto huyo pembeni. Naifunika picha kwa kiganja, naweka kidole kwenye neno lililo katikati ya mstari wa tatu na kumuuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Wengi hunitazama usoni kwanza, kisha huanza ukurasa upya kutoka juu, kwa sauti ileile ya wimbo, mpaka wafike pale kilipo kidole. Wengine hupitiliza wala hawajui kwamba wamepitiliza. Nimewahi kukaa na mvulana aliyeusoma ukurasa wa jogoo vizuri kabisa, huku kitabu amekishika juu chini.

Watoto hawa wana kumbukumbu kali kuliko yangu. Wameusikia ukurasa ukiimbwa na wenzao, wameutazama mchoro, basi wameshaumeza. Tatizo ni kwamba herufi hazijaingia popote. Ukiandika ubaoni "jogoo analala" mahali pa "jogoo anawika", bado utasikia "anawika". Macho yako kwenye picha, sikio liko kwa jirani wa dawati, mdomo unaimba, na maandishi yamebaki bila mtu.

Nafundisha darasa la kwanza na la pili katika shule ya kijijini wilayani Ikungi, mkoani Singida, Tanzania. Mimi mwenyewe ni Mnyiramba wa upande wa Kiomboi. Wanafunzi wangu wengi ni Wanyaturu, na wako Wasukuma na Wataturu ambao wazazi wao walihamia na mifugo. Ninayoyaandika hapa nimeyaona nikiwa na chaki mkononi, na mengine nimeyasoma baadaye nikitafuta maelezo ya kile nilichokiona.

Mwaka 2013 nchi yetu ilipima usomaji wa watoto wa darasa la pili, ikaonekana kwamba takribani watoto 8 tu kati ya kila 100 ndio walioweza kusoma na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa. Ndiyo maana mtaala wa mwaka 2015 ulipunguza masomo ya madarasa ya chini na kututaka tushughulike hasa na KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka uliofuata elimu bila malipo ikaanza, na watoto wakaja. Walikuja kwa wingi, kama walivyostahili kuja siku zote. Darasa linapaswa kuwa na wanafunzi 45; mimi nimesimama mbele ya zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo, wanne wanne kwenye dawati la watatu, wengine wamekaa chini hadi karibu na miguu yangu. Mwaka 2017 mpango wa kuboresha elimu wa EQUIP-T ulipoingia Singida, sisi wa madarasa ya chini tulipata mafunzo ya KKK, na jambo lililonifaa zaidi lilikuwa kufundisha sauti ya herufi kabla ya jina lake. Mtoto anayeambiwa kwamba m ni "em" atahangaika sana kuunganisha "em" na "a" apate "ma". Anayeambiwa kwamba ni "mmm", sauti anayoitoa akila kitu kitamu, anafika haraka.

Semina nyingine niliyohudhuria baadaye ilikuja na jambo tofauti. Mwezeshaji alibandika bango la manila lenye safu tatu: watoto wa kuona, watoto wa kusikia, watoto wa kutenda. Tuliambiwa kwamba kila mtoto amezaliwa na njia yake ya kujifunza, na kwamba anayeshindwa kusoma ameshindwa kwa sababu anafundishwa kwa njia ya mwenzake. Kazi yetu ilikuwa kurudi shuleni, kuwatazama watoto, kuweka alama mbele ya kila jina, kisha kumpa kila mmoja somo la aina yake.

Walimu tuliipokea habari hiyo kwa mikono miwili, na sababu yake naiheshimu. Inakataa kumwita mtoto mzito. Inamwambia mwalimu aliyechoka kwamba hakuna mtoto asiyefundishika. Kwa mtu aliyewahi kusikia mwenzake ofisini akisema "huyu kichwa maji, muache", bango lile lilikuwa na utu ndani yake.

Nilikaa na daftari la mahudhurio wiki kadhaa nikiwatazama watoto kama tulivyoelekezwa, na alama hazikutulia. Mtoto aliyekuwa "wa kuona" kwenye somo la kuchora alikuwa "wa kusikia" siku ya hadithi, na tulipofinyanga herufi kwa udongo alikuwa "wa kutenda" kuliko wote. Watoto wana vitu wanavyovipenda, hilo ni kweli tupu. Kuna anayechora mchana kutwa na kuna anayeimba mpaka umwombe anyamaze. Ila kupenda kuimba na kujifunza kusoma kwa njia ya kuimba peke yake ni mambo mawili.

Nilipoanza kusoma habari zake niliona kwamba wazo hili lina historia. Neil Fleming wa New Zealand alitunga mwishoni mwa miaka ya 1980 dodoso la kuwagawa watu katika waonaji, wasikiaji, wasomaji na watendaji, nalo likaenea dunia nzima. Mwaka 2004 Frank Coffield na wenzake wa Uingereza walikusanya mifumo ya namna hii wakaikuta 71, kila mmoja na migawanyo yake. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu wa Marekani waliuliza swali jepesi: ushahidi wenyewe uko wapi? Walieleza jaribio ambalo lingethibitisha dai hilo. Chukua watoto unaowaita wa kuona na unaowaita wa kusikia. Kila kundi ligawanye nusu kwa nusu bila kuchagua, nusu ifundishwe kwa picha, nusu kwa maneno, kisha wote wape mtihani uleule. Dai likiwa kweli, wa kuona watashinda waliposomeshwa kwa picha na wa kusikia watashinda waliposomeshwa kwa maneno. Walitafuta tafiti zilizofanywa hivyo, wakakuta ni chache mno, na baadhi ya zile nzuri zilionyesha kinyume.

Walimu wa nchi tajiri nao wanaamini bango lile, tena kwa wingi. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 miongoni mwa walimu wa Uingereza na Uholanzi, zaidi ya 90 kati ya kila 100 walikubaliana nalo. Nalisema hili ili mwalimu mwenzangu wa Ikungi au Mkalama asidhani kwamba kudanganyika ni ugonjwa wa watu wa kijijini.

Kusoma hasa hakugawanyiki kwa safu tatu. Herufi huonwa, lakini ni alama ya sauti. Sauti husikiwa, lakini hutengenezwa mdomoni, na mkono unapoiandika unaishika zaidi. Ukiacha mtoto kiziwi, ambaye njia yake inapita kwenye lugha ya alama na anastahili mwalimu aliyesomea kazi hiyo, hakuna mtoto atakayesoma Kiswahili kwa macho bila sauti, wala kwa masikio bila maandishi. Anayeitwa "wa kusikia" akiepushwa na herufi kwa huruma, huruma hiyo inamnyima kitu chenyewe alichokuja kukitafuta shuleni. Wilaya yetu ina Shule ya Msingi Mchanganyiko Ikungi, ambako wako watoto wasioona wanaosoma kwa nukta nundu. Vidole vyao vinapita juu ya nukta na maneno yanatoka. Mwaka 2011 watafiti waliopima ubongo wa watu waliozaliwa vipofu walikuta kwamba wanaposoma nukta nundu, sehemu inayofanya kazi nyuma ya ubongo upande wa kushoto ni ileile inayotambua maneno kwa wanaosoma kwa macho. Mlango ni tofauti, chumba ni kimoja.

Stanislas Dehaene wa Ufaransa, ambaye ameichunguza sana sehemu hiyo, ameeleza kitu kilichonituliza moyo kuhusu b na d. Kila mwaka ninao watoto wanaoandika "baba" ikawa "dada", wazazi wakaja na hofu. Mbuzi akielekea mashariki au magharibi ni mbuzi yuleyule, na ubongo wa binadamu umezoea kuona hivyo tangu zamani. Herufi ni kitu cha kwanza katika maisha ya mtoto kinachobadilika jina kwa kugeuzwa upande. Kwa hiyo mtoto anayechanganya b na d ana macho yanayofanya kazi sawasawa. Anahitaji kujifunza jambo ambalo dunia yake yote imemfundisha kinyume chake.

Hapo simwongezei picha. Picha ya bata kando ya b na ya dume kando ya d inampa vitu viwili vya kukumbuka mahali pa kimoja, na bata akigeuzwa bado ni bata. Nampeleka mdomoni. "Weka kiganja mbele ya midomo. Sema b. Midomo imefanya nini?" Imebana. "Sema d. Midomo imebana?" Haikubana, ulimi ndio uliogonga nyuma ya meno. Kisha tunatoka nje, kila mmoja anaandika b kubwa mchangani kwa kidole, mkono ukianza juu, ushuke, upande, uzunguke mbele, huku midomo ikibana na kutoa sauti kwa wakati mmoja. Naifundisha b peke yake mpaka ishike, ndipo naleta d wiki nyingine. Darasa zima linafanya hivyo, wachoraji na waimbaji pamoja, na wakati wa mvua tunafanyia sakafuni kwa chaki.

Kiswahili kinatusaidia sana katika kazi hii, na sisi walimu tunasahau kukishukuru. Irabu ni tano, kila moja na sauti yake popote utakapoikuta. Mtoto wa Kiingereza hana bahati hiyo. Lakini urahisi huo una mtego wake, nao ni wimbo. Ba, be, bi, bo, bu, darasa likiimba kwa mpangilio linaweza kuimba mpaka ng'ombe warudi zizini bila mtoto kutazama ubao hata mara moja, kwa sababu ulimi unajua kinachofuata. Mimi naziandika silabi ovyo: bo, ba, bu, bi. Wimbo unakatika, macho yanapanda ubaoni. Naandika pia maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, "tefo", "bumi", "lapu". Neno lisilokuwepo haliwezi kukaririwa wala kubahatishwa kwa picha. Ama unalisoma, ama hulisomi. Watoto wanayapenda kupita kiasi. Wanacheka, wanatungiana, wanaitana kwa majina hayo uwanjani.

Neno ng'ombe lina habari yake. Watoto wangu wanawajua ng'ombe kwa rangi, kwa pembe, kwa tabia; mvulana wa miaka saba atakuambia yupi anapiga teke akikamuliwa. Picha ya ng'ombe kichwani mwao imekamilika kuliko picha yoyote ya kitabuni. Na bado neno hilo huwachelewesha, maana ndani yake kuna ng' yenye ritifaa, kisha mb, yaani herufi mbili zinazotoka kwa pamoja. Ukiweka mchoro juu yake mtoto atasema "ng'ombe" papo hapo, utadhani amesoma. Mwandikie "ng'aa" au "embe" bila mchoro ndipo utajua. S. Jay Samuels wa Marekani alionyesha jambo hili katika miaka ya 1960: watoto wanaoanza kusoma, hasa wale wanaopata shida, walijifunza maneno machache zaidi picha ilipokuwapo kuliko neno lilipokuwa peke yake. Jicho linakwenda kwenye kilicho rahisi. Kwa hiyo kadi zangu za maneno ni za boksi tupu na kalamu ya wino mzito. Picha ziko ukutani upande wa nyuma, nazo zina wakati wake.

Wakati wake ni upi? Ni pale sauti zinapokuwa zimeshaanza kutiririka. Mtoto anayelichimba neno silabi kwa silabi hana nafasi ya kuona chochote kichwani. Maneno yetu ni marefu. "Hawatatusaidia" ni neno moja lenye silabi nane. Mtoto akifika "di-a" ameshasahau kwamba lilianza na "ha", na "ha" ndiyo iliyobeba kukataa kote. Nimewaona watoto wakisoma sentensi sawasawa kisha wakanieleza kinyume chake kwa sababu hiyo. Kigezo kilichotumika nchini kwa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika, na kasi hiyo haitafutwi kwa ajili ya mashindano. Ni ili mwanzo wa sentensi uwe bado upo kichwani mwisho unapofika. Darasa la pili nalikata neno kama hilo kwa vipande vyenye maana: hawa, ta, tu, saidia. Nani? Lini? Nani anasaidiwa? Tunakisoma kila kipande, tunavunja, tunaunga tena. Kazi hii ni ya polepole na haina mapambo, na sijaona njia ya mkato.

Hapo ndipo taswira ya kichwani inapoanza kulipa. Mwaka 1976 Michael Pressley wa Marekani aliwafundisha watoto wa miaka minane kutulia baada ya kila kipande cha hadithi na kujichorea kichwani kile walichokisoma. Waliofundishwa hivyo walikumbuka hadithi zaidi ya wenzao walioachwa wasome walivyozoea. Nasisitiza umri ule, kwa sababu walikuwa watoto waliokwisha kujua kusoma. Kumwambia mtoto ajenge picha kutokana na maandishi ambayo bado hawezi kuyatamka ni kumwomba abahatishe.

Hadithi za zoezi hili naziandika mwenyewe, fupi, kwenye kalenda za zamani zilizogeuzwa nyuma. Moja inasema: "Bibi ameanika mtama juu ya mwamba. Wingu jeusi likatokea. Bibi akamwita Neema kwa sauti kubwa." Basi, imekwisha. Watoto wanaisoma, wanafumba macho, kisha nauliza, "Umeona nini?" Mmoja ameona kuku wanadonoa mtama. Mwingine ameona bibi ana ungo. Msichana mmoja akasema, "Neema anakuja anakimbia, ana gunia." Kuku, ungo na gunia hakuna hata kimoja kilichoandikwa. Vimetoka kwenye miamba ya hapa kwetu, ambako kila mtoto amewahi kutumwa kufukuza kuku na kuanua nafaka mvua ikitishia. Nikauliza kwa nini bibi aliita kwa sauti kubwa. Darasa zima lilijua: mvua inakuja, mtama utalowa. Sentensi tatu fupi, na ufahamu ambao mtihani wowote ungeutafuta umekuja wenyewe.

Katika zoezi lilelile alikuwapo mvulana aliyesema haoni chochote akifumba macho. "Giza tu, Mwalimu." Wenzake walimcheka, nikawanyamazisha. Nilipomuuliza habari ya bibi na mtama alijibu kila swali, tena kwa mpangilio mzuri kuliko waliotaja kuku. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton aliwaomba watu wakumbuke meza yao ya kifungua kinywa na kueleza wanavyoiona kichwani. Wengine waliiona kana kwamba iko mbele yao, wengine walimjibu kwamba hawaoni kitu na hawaelewi swali lenyewe. Mwaka 2015 daktari Adam Zeman na wenzake, nao wa Uingereza, waliipa hali hiyo jina la afantasia. Watu wenye hali hiyo wanasoma, wanafanya kazi, wanaandika vitabu. Kwa hiyo siku hizi nauliza kwa njia mbili: "Umeona nini, au unajua nini kimetokea?" Mvulana yule hujibu swali la pili, na hilo linatosha kabisa. Angewekwa kwenye safu ya wasioweza kwa sababu ya giza lile, tungempoteza msomaji mzuri.

Tofauti kubwa kati ya watoto wangu nimeikuta mahali ambapo bango lile halikugusa. Nimeikuta kwenye lugha. Mtoto anayetoka nyumba ya Kinyaturu kitupu anaweza kusoma kwa sauti sentensi yenye "dafu", "jahazi" na "ufukwe" bila kosa lolote, na kichwani mwake pasitokee kitu. Hakuna ubovu katika taswira yake. Neno halina kitu nyuma yake. Hadithi nyingi za vitabuni zina harufu ya pwani, nami nazipenda, kwa sababu Kiswahili kilikuja kwetu na bahari yake. Lakini lazima mtu ajenge daraja. Walio wachache katika darasa langu wamefika Singida mjini na kuliona ziwa Singidani, wakaona heroe wamesimama majini. Naanzia hapo, nawapa wao nafasi ya kuwasimulia wenzao: maji yalikuwa mapana kiasi gani, yana ladha gani. Yana chumvi, wanasema. Na bahari ina chumvi. Sasa fikirini maji hayo yakiwa hayana ng'ambo. Siku hiyo jahazi linapata mahali pa kuelea.

Na pale inapobidi naeleza kwa Kinyaturu, ambacho nimejifunza kwa wanafunzi wenyewe na kwa mama zao, kikisaidiwa na undugu wake na Kinyiramba changu. Lugha ya kufundishia ni Kiswahili na ninaifuata, lakini sitamwacha mtoto wa miaka sita na neno tupu mkononi wakati dakika moja ya lugha ya mama yake inaweza kulijaza. Nasimulia hadithi kwanza kwa maneno ya nyumbani, tunazungumza juu yake, kisha tunaisoma kwa Kiswahili. Mtoto anayeijua hadithi tayari hufungua masikio kwa maneno mapya bila woga.

Macho nayo. Nilikuwa na msichana ambaye kwa mdomo alikuwa wa kwanza katika kila jambo: vitendawili, hesabu za kichwa, majina ya sauti. Ubaoni alikuwa hayupo. Kwa kanuni ya lile bango angeandikwa "wa kusikia" na kuongezewa nyimbo. Nilimpa kadi ya neno mkononi. Akaisogeza mpaka karibu na pua, akaisoma. Nikamkalisha mbele, nikamwita mama yake. Alipopimwa, ilionekana haoni mbali. Kanda yetu ya kati imeteswa kwa muda mrefu na maradhi ya macho. Kongwa, kwa jirani zetu wa Dodoma, ni jina linalojulikana duniani katika utafiti wa trakoma. Yako pia masikio yanayotoa usaha msimu hadi msimu mpaka mtoto hasikii tofauti ya p na b, naye huitwa mtoto wa kutenda kwa sababu hufuata mikono ya mwalimu. Hofu yangu kubwa juu ya zile safu tatu iko hapa. Zinampa mwalimu jina la kumpa mtoto kabla hajauliza kama anaona, anasikia, amekula, na juzi alikuwa shuleni au alikuwa machungani.

Wazazi waliosikia habari za semina huja kuniuliza, "Mwalimu, huyu wangu ni wa aina gani?" Namfungulia mzazi daftari ninaloandika sauti ambazo mtoto amezishika na zilizobaki. Namwambia: mwanao anazo irabu zote, ana m, b, t, k na l, bado ng' na mb, juzi alisoma "tumelima" bila kusaidiwa. Kisha namwomba mambo ambayo hayahitaji fedha. Jioni wakiwa jikoni amsimulie hadithi kwa Kinyaturu, asimame katikati na kumuuliza anadhani nini kinafuata. Ampe kusoma chochote chenye maandishi kilichomo nyumbani: mfuko wa mbegu za alizeti, kadi ya kliniki, dumu la mafuta, kanga aliyojifunga. Akina mama wengi hushangaa kwamba kanga yao ni kitabu. Maandishi yake ni ya herufi kubwa, nasi tunaanza na herufi ndogo, kwa hiyo mimi humwandikia mtoto zote mbili sambamba kwenye kipande cha boksi aende nacho nyumbani, na Jumatatu humwuliza kanga ya mama imeandikwaje.